Dawa Isiyogombana na Kitu

Shangazi Mwanaisha,

Nimeandika shikamoo mara tatu, na mara tatu nimeikata. Shikamoo hutaka kuitikiwa, nami sina uso wa kungojea marahaba yako. Basi niwie radhi nianze hivi hivi bila salamu, kama mtoto aliyevunja kikombe akaingia kwa mlango wa uani.

Ni mimi Mwanahawa, mtoto wa kaka yako. Nimekaa chumba cha nyuma cha duka la dawa hapa Malindi, nilikoajiriwa tangu niliporudi kutoka Korea. Mwenzangu yuko mbele anahudumia watu, na nimemwambia napanga dawa kwenye rafu. Sipangi kitu. Nakuandikia wewe, miezi saba baada ya kuzikwa kwako Mambrui, kukwambia jambo ambalo walio hai wameshaambiwa wote. Umebaki wewe tu, na wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kwanza.

Nianze mbali kidogo, maana nikianza karibu nitashindwa.

Lile benchi la uani kwako bado lipo. Watu walikuwa wakilikalia tangu asubuhi: mwenye tumbo, mwenye mgongo, mzazi ambaye maziwa yake hayatoki, kijana mwenye upele asiotaka mamake auone. Mizizi uliletewa kutoka Adu, imefungwa kwa kamba, na nyumba nzima ilinuka mvuje na habasoda. Mimi nilikaa kwako tangu darasa la nne kwa sababu shule ilikuwa karibu, na nilikuwa nikioga mara mbili kila asubuhi ili wenzangu wasinambie nanuka uganga. Nilidhani hukujua. Lakini siku moja nilifungua mkoba wa shule nikakuta sabuni mpya ya marashi, umeiweka bila kusema neno. Nikaitumia mpaka ikaisha, na wala sikukushukuru.

Kabla ya kumpa mtu hata jani moja, ulimkalisha kwenye lile benchi ukamuuliza maswali matatu. Umekula nini? Umelalaje? Na nini kingine unatumia? La kwanza na la pili watu walijibu haraka. La tatu ndilo lililokuwa kazi. Mwenye vidonge vya hospitali aliona haya kukwambia wewe, kama alivyoona haya kumwambia daktari habari zako. Wewe hukukubali. Ulikunja mikono ukangoja. "Dawa yangu na ya daktari hazijuani," ulikuwa ukisema. "Mimi ndiye wa kuzijulisha, na siwezi kumjulisha mtu nisiyemwona." Kuna bwana mmoja alitoka Sabaki kwa baiskeli, jua kali, na ukamrudisha hadi kwao akalete pakiti ya vidonge vyake uione kwa macho. Alikutukana mpaka njiani. Alasiri akarudi nayo.

Mimi wakati huo nilikuwa pembeni nasuuza chungu, nimenuna, naomba Mungu nisije nikawa kama wewe. Dua hiyo ilipokelewa.

Nilipoomba nafasi ya kusoma Korea, fomu iliuliza kwa nini nataka kuchunguza dawa za asili. Hapo ndipo nilipokukumbuka. Nikaandika kwamba nimelelewa katika nyumba ya tabibu, kwamba nimetwanga dawa tangu utotoni, kwamba elimu hiyo imo ndani ya damu yangu. Shangazi, mimi mchi wako niliushika siku ngapi? Na kila nilipoushika ulinikuta nimesinzia nao mkononi. Lakini barua waliipenda. Nikapata nafasi kwa mgongo wako, nikaenda.

Kule niliona jambo lililonifanya nikuonee fahari kwa mara ya kwanza. Dawa za mizizi na magome ziko hospitalini. Kuna daktari aliyezisomea miaka mingi, ana koti jeupe na cheti ukutani. Anakushika mkono kwa vidole vitatu, ausikilize mshipa wa kulia na wa kushoto, akutazame ulimi, akuulize usingizi wako na choo chako, ndipo akuandikie mchanganyiko. Mizizi inachemshwa katika mitungi mikubwa ya chuma, na maji yake meusi yanatiwa katika vifuko vya kunywa nyumbani. Katika jengo hilo hilo, ghorofa nyingine, yuko daktari wa vidonge na sindano. Mgonjwa anatoka kwa huyu anapanda kwa yule, na huyu hamwambii habari za yule. Nilicheka nilipoliona hilo. Nikajisemea, kumbe benchi la Shangazi lina ndugu zake hadi huku.

Utafiti tuliokuwa tukiufanya ulikuwa juu ya hao hao. Tulitaka kujua mizizi ikikutana na vidonge katika mwili wa mtu mmoja inatokea nini. Kazi yangu ilikuwa kukaa na wagonjwa, fomu mapajani, niwaulize nini kingine wanatumia. Swali hilo nilijua kulisema kwa Kikorea kabla sijajua kuagiza chakula. Alikuja bibi mmoja na kikapu chake cha sokoni, akaapa hatumii kitu. Nikakunja mikono nikangoja. Bibi akatazama dirisha, akatazama viatu vyangu, akachoka. Akafunua vitunguu, na chini yake mlikuwa na vifuko vya dawa alivyonunuliwa na mwanawe, tele. Mwalimu wangu alinisifu mbele ya wenzangu, akaniuliza nimejifunza wapi kungoja vile. Nikasema, nyumbani.

Sasa nimefika karibu, Shangazi.

Baada ya Idi nilipata likizo ya wiki tatu nikaja. Nilikuletea makasha manne ya ile dawa yao inayosifika, mzizi wa jinseng, uliopikwa kwa mvuke hadi ukawa mwekundu, ukakamuliwa, ukatiwa katika vifuko vidogo. Kule ni zawadi ya heshima, watoto huwapelekea wazazi wao. Nami nilitaka kukuheshimu, hilo ni kweli. Lakini nilitaka pia kuonekana, na hilo lilikuwa kweli zaidi.

Ulikuwa umekaa barazani na nyumba imejaa. Mama alikuwepo, na Riziki binti yako, na majirani waliokuja kunitazama nimenenepa au nimekonda. Nilikukabidhi makasha kwa mikono miwili kama wafanyavyo kule, na nilikuwa nimeshamwomba Riziki apige picha. Kisha nikaanza kueleza. Nilieleza kama mtu aliyesimama mbele ya wanafunzi, na maneno ya Kikorea nikayachomeka pasipohitajika. Wewe ukachukua mkasi, ukakata kifuko kimoja pembeni, ukanusa. Ukatia tone ulimini ukafumba macho vile ulivyozoea. "Huu mzizi una moto," ukasema. "Huu haukai kimya mwilini mwa mtu." Halafu ukanitazama. "Haugombani na dawa nyingine?"

Nami nikacheka. Nikasema mbele ya watu wote: "Haugombani na kitu, Shangazi. Ni wa kukupa nguvu tu."

Katika begi langu, hatua chache kutoka pale ulipokaa, mlikuwa na karatasi za utafiti wetu wenyewe, na mzizi huo ulikuwa wa kwanza katika orodha ya mizizi tuliyotakiwa kuwauliza wagonjwa. Wako waliopima wakaona unapunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia damu isigande. Wako waliopima wasione kitu. Hawajakubaliana mpaka leo. Kwa hiyo jibu la haki lilikuwa kwamba sijui, inategemea unatumia nini, na baada ya hapo nilipaswa nikuulize. Lakini kukuuliza kungeipoza shughuli, na watu walikuwa wakinitazama kwa macho mazuri. Nikajiambia pia kwamba si adabu mtoto kumhoji shangazi yake mambo ya mwili wake mbele za watu. Bibi wa watu mwenye kikapu nilimhoji hadi akafunua vitunguu. Wewe ndiye niliyekufanyia adabu.

Sikujua kwamba moyo wako ulikuwa umeanza kudunda ovyo. Ulikuwa ukienda kliniki tangu mwaka uliotangulia. Wote nyumbani walijua, mama yangu akiwemo, na wote waliafikiana nisiambiwe: yuko masomoni, asishtuliwe. Ndivyo tunavyofanyiana sisi, aliye mbali hupewa habari njema peke yake. Siwalaumu. Ningeuliza ningeambiwa.

Miezi mitatu baadaye Riziki akanipigia simu, nami niko hospitalini na fomu zangu. Ulianguka ukitoka kutawadha kwa sala ya alasiri. Kiharusi. Siku ya pili yake ukafariki, na ulizikwa kabla sijapata hata tiketi. Nililia sana, Shangazi, na wenzangu wakanipikia uji wao wa mchele wakanifariji. Kilio kile kilikuwa cha huzuni tupu. Nakikumbuka kwa hamu, maana aibu ilikuwa bado haijafika.

Ilifika siku mbili kabla ya arubaini yako. Nilikuwa nimemaliza masomo nimerudi, na mimi na Riziki tulikuwa chumbani kwako tunapanga vitu. Katika kabati, nyuma ya kanga, nikakuta kopo la habasoda lisilokuwa na habasoda. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki na vidonge. Nilivijua kabla ya kusoma jina. Ni vile vya kuzuia damu isigande, ambavyo kwa miaka miwili nimevitafuta katika maelezo ya wagonjwa wa watu. Na kando ya kopo vilikuwa vifuko vyangu vitupu, umevikata sawasawa kwa mkasi, umeviosha, umevikausha, umevitia mbegu za mchicha na bamia. Hukuwa mtu wa kutupa kitu.

Nikaisoma kadi nimempa Riziki mgongo. Kabla ya likizo yangu damu yako ilikuwa ikienda vyema, mwezi baada ya mwezi. Mwezi uliofuata likizo ikaanza kuganda upesi. Uliofuata tena ikazidi. Wakakuongezea vidonge kidogo, na chini yake mtu akaandika kwa kalamu nyekundu: mgonjwa asisitizwe kumeza dawa.

Walidhani humezi.

Nikamuuliza Riziki, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ulikuwa ukivimeza. "Kwa saa!" akasema. "Adhana ya isha ikitoka tu, kidonge kiko mkononi. Walimgombeza siku moja kule kliniki, akarudi analia, asema wamenifanya mwongo uzeeni." Akaniambia pia kwamba ulipoanza vidonge uliziacha dawa zako zote, moja moja. Hata mchaichai uliuacha mpaka ulipouliza kliniki ukaruhusiwa. Wewe uliyekuwa ukitibu mji, uliziweka mbali dawa zako mwenyewe kwa sababu ulielewa zinaweza kugombana. "Yako tu ndiyo hakuiacha," Riziki akasema, na akatabasamu, kwa kuwa alidhani ananifurahisha. "Mimi nilimuuliza, Mama, na hii ya Mwanahawa je? Akanambia, Mwanahawa amesema haigombani na kitu. Na yule huuliza kwanza, nimemfunza mwenyewe."

Nikaendelea kukunja kanga. Nilikunja ile moja mara nyingi.

Najua yanayoweza kusemwa. Hakuna daktari awezaye kuapa kwamba ni mzizi ule. Moyo wako ulikuwa mgonjwa, umri ulikuwa umekwenda, na siku ya mtu iko kwa Mola wake. Nimejiambia hayo yote na yote ni kweli. Lakini niliyashika kama mtu anayejifunika shuka fupi, nikivuta juu miguu inabaki nje. Sikumwambia Riziki. Nilijipa sababu kwamba arubaini ipite kwanza, watu wasome dua kwa utulivu.

Basi sikiliza arubaini ilivyopita. Baada ya hitima na pilau, Riziki akatoka ndani na kasha la nne, lile lililobaki, akawagawia wazee watano vifuko. "Sadaka ya mama," akasema. "Ni dawa ya Korea aliyoletewa na Mwanahawa, aliinywa mpaka siku yake ya mwisho." Wazee wakapokea kwa bismillahi. Mzee Athumani jirani yako akainua mikono akaniombea, Mungu amzidishie binti huyu elimu, amfanye sababu ya kupona waja wake. Nami nilikuwa nimekaa pale na kadi yako nimeshaisoma. Nikaitikia amin. Kwa sauti, Shangazi. Nikaitikia amin.

Siku nne nilinyamaza. Siku ya tano nilimkuta Mzee Athumani anatoka msikitini baada ya adhuhuri. Akanishika mkono kwa furaha. "Binti yangu, dawa yako nnaimeza pamoja na ile ya moyo, kwa maji yale yale. Wallahi naiona kazi yake." Nikamuuliza ile ya moyo ni ipi, akaitoa mfukoni, na ilikuwa ndugu wa yako.

Nikaanza kuzunguka saa ile ile. Nyumba tano. Na unajua niliwaambia nini? Niliwaambia dawa imepitwa na muda. Nilisema hivyo kwa Mzee Athumani, nikasema hivyo nyumba ya pili, ya tatu na ya nne, na kila nyumba uongo ulizidi kutoka kwa ufasaha. Watu wakanirudishia vifuko vyao, wakanishukuru kwa kuwajali. Mmoja alinipa maembe. Nilifika mahali nikaanza kujiona mtu mwema.

Nyumba ya tano ilikuwa ya Bi Nuru. Unamjua, yule mliyekuwa mkigombana kila siku na kila siku mkitafutana. Alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Nikamwambia dawa imeharibika nimekuja kuichukua. Hakuinua macho.

"Ziko ndani, sijazigusa," akasema. "Na sikupi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa kuwa wewe umekaa kwa Mwanaisha miaka chungu nzima, na siku ile sikukusikia ukimuuliza mtu hata mmoja anatumia nini. Yeye angeniuliza, hata kama tumegombana asubuhi. Nikaona ajabu, dawa inagawiwa kama halua. Nikaiweka. Sasa waja nambia imeharibika. Ikiwa imeharibika, yeye aliinywaje?"

Nikakaa chini pale pale mlangoni, kwenye makapi. Nikamwambia. Nilianza na kopo nikarudi nyuma hadi barazani, na nilipofika pale nilipocheka sauti ikanitoka ya kitoto. Bi Nuru aliuweka ungo chini. Nilitarajia atanifariji, ataniambia mwanangu hayo yamekwisha andikwa. Hakusema. "Hayo si ya kuniambia mimi," akasema. "Nenda kwa Riziki sasa hivi. Na ukitoka huko uwarudie wale wanne uliowadanganya." Akaingia ndani akaniletea vifuko vyake sita, vyote.

Riziki nilimkuta jikoni amekalia mbuzi anakuna nazi. Nilimwambia nimesimama, maana sikujiona na haki ya kukaa. Aliendelea kukuna mpaka nazi ikaisha, na bado akaendelea, nikasikia meno ya mbuzi yanakwaruza kifuu kitupu. Kisha akasema, "Walimwita mwongo." Nikangoja aseme la zaidi, aseme nimeua, anifukuze, anirushie kile kifuu. "Walimwita mwongo mamangu," akarudia, "na mimi pia kuna siku nilimshuku. Nilihesabu vidonge vyake alipokuwa kasinzia." Akainuka, akaingia chumbani kwako, akafunga mlango.

Nikawarudia wale wanne kama nilivyoagizwa. Watatu walinisikiliza wakasema yaliyokwisha yamekwisha, na mmoja kati ya hao tangu siku hiyo hununua dawa zake duka jingine, na ana haki. Mzee Athumani aliniuliza, bila ukali, "Na ile amin uliyoitikia ilikuwa ya nini?"

Wiki iliyofuata nilikwenda kliniki na kadi yako. Nilimtafuta yule mwenye kalamu nyekundu. Ni kijana mpole, Shangazi, usimchukie. Ana foleni inayofika hadi barabarani. Nilimwambia kwamba ulikuwa ukimeza, na nikamwambia ulikuwa ukinywa nini pamoja navyo na nani alikupa. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomjibu alinitazama, akatazama kadi. Akaandika chini ya maneno yake mekundu: alikuwa akimeza dawa kama alivyoelekezwa, alipewa mzizi na jamaa yake bila kuulizwa. Akatia sahihi. Nilimpa mama ampelekee Riziki kadi hiyo. Mwalimu wangu wa Korea nilimwandikia pia. Akaniomba niyaandike yote, bila jina lako, ili wenzetu wa utafiti wayasome. Nimeyaandika. Pale panapouliza mgonjwa alishauriwa na nani, nimeandika: na mtafiti.

Tangu hapo Riziki hakunisemesha. Miezi mitano. Tulikutana kwenye arusi, akapita kando yangu kama ninavyopita mimi kando ya mlingoti wa stima. Mama akataka kutupatanisha nikamkataza. Huwezi kumpelekea mtu wazee kwa jambo kama hilo.

Jana asubuhi aliingia hapa dukani. Watu kumi walikuwa mbele yake, akasimama kwenye foleni kama mteja yeyote, buibui limejaa vumbi la safari ya tuktuk. Zamu yake ilipofika aliweka mfuko wa nailoni juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na vidonge vyake vya presha, unga wa mlonge katika chupa ya jamu, na kimoja cha vile vifuko vyangu ulivyovitia mbegu, sasa kina habasoda.

"Niulize," akasema.

Nikatoka nyuma ya kaunta nikamvutia kiti. Nikamuuliza amekula nini. Mbaazi na mahamri, akasema. Nikamuuliza amelalaje. Akasema, vibaya, tangu ulipofariki. La tatu sikulifikisha mwisho, na yeye hakunisaidia. Alikunja mikono akangoja. Nikaanza upya, nikalisema lote. Akanifungulia mfuko, akanieleza kimoja kimoja. Watu kwenye foleni walikuwa wakinung'unika. Alipomaliza alikusanya vitu vyake, na akiwa mlangoni akasema kaburi la mama limeota majani, Ijumaa anakwenda kupalilia, na jembe nyumbani ni moja tu.

Ijumaa nitakuja na langu, Shangazi.

Ile picha Riziki anayo bado. Nimeiona. Wewe umeshika kasha na mkasi, umeinua uso unanitazama, unangoja jibu. Mimi nimeitazama simu, natabasamu.

Sikuombi unisamehe katika barua, kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kutoa kitu kabla ya kuuliza, nami sijui ungeniuliza nini. Nakuaga tu. Mola akupanulie pale ulipo, akulipe kwa kila aliyekalia benchi lako akaondoka mzima. Na ahadi yangu ni hii. Hakuna atakayepokea dawa mkononi mwangu kabla sijamuuliza matatu yako, awe mgeni, awe mzee wa kuheshimiwa, awe mama yangu. (Mama nilimuuliza juzi. Alinikaripia, akasema sina haya, halafu akaingia chumbani akatoka na mfuko.) Na atakayeniuliza kama dawa inagombana na nyingine, nami sijui, nitamwambia sijui, hata kama nyumba imejaa watu.

Ni neno dogo, Shangazi. Ningelisema siku ile barazani, picha ingeharibika, nawe ungeyaweka makasha kando pamoja na dawa zako nyingine, ukaniambia niketi nile.

Mwanao,
Mwanahawa